Zahanati ihesabu na wasiofika



Natoa maoni yangu juu ya jinsi wakuu wetu wa afya wanavyoipima afya ya wananchi.

Zahanati zetu huandika wagonjwa katika vitabu vya MTUHA. Kila mwezi hesabu hizo hupelekwa wilayani, nazo hutumika kupanga dawa na fedha. Kazi hiyo ni njema na waganga wanastahili pongezi. Lakini kitabu cha mgonjwa humwandika aliyefika tu. Sisi walimu tunapoita majina asubuhi huandika aliyekuja na asiyekuja, na asiyekuja ndiye tunayemwulizia nyumbani kwao.

Masika yaliyopita mto ulijaa, na kitongoji chetu, chenye shule, kikakatika na zahanati kwa majuma matatu. Watoto waliugua homa, madarasa yakapungua, na wawili tuliwazika. Kwa kuwa hakuna aliyevuka, kitabuni wagonjwa wa homa walikuwa wachache, na katika mkutano wa kijiji tukaambiwa homa imepungua. Mganga hakusema uongo, alisoma kilichoandikwa. Waswahili husema mficha maradhi, kilio humfichua. Lakini sisi hatukuficha, ila hatukuulizwa. Je, ndugu zangu, afya ya kijiji ni ya wale wanaoweza kuvuka mto tu?

Dawa ya jambo hili inajulikana. Katika miaka ya 1990 Wizara ya Afya, ikisaidiana na Kanada, ilifanya kazi katika wilaya za Rufiji na hapa kwetu Morogoro. Watu walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani ameugua na nani amefariki. Ilionekana kwamba malaria ilichukua asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea Morogoro, lakini katika bajeti ya afya ya mwaka 1996 ilitengewa asilimia 5 tu. Mipango ikarekebishwa kwa nyongeza ndogo ya fedha, na vifo vya watoto vikapungua sana.

Hivyo basi nashauri mambo matatu. Kwanza, kila mwenyekiti wa kitongoji apeleke zahanati, kila mwezi, hesabu ya waliozaliwa na waliofariki majumbani. Pili, shule zipeleke idadi ya watoto waliokosa masomo kwa ugonjwa. Tatu, taarifa ya zahanati isomwe mbele ya wanakijiji kabla haijapelekwa wilayani, ili wenye la kuongeza waongeze.

Hayo hayahitaji gari wala mfadhili. Daftari, kalamu na mtu wa kuuliza vinatosha kuanzia. Nawaomba wakuu wanaohusika walitazame jambo hili kabla ya masika mengine.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Morogoro.