Kovu Halina Muhuri

Tarehe 12 Julai 1973 moto ulizuka katika jengo la kumbukumbu za wanajeshi karibu na St. Louis, Marekani. Majalada kati ya milioni 16 na 18 yaliteketea, nayo hayakuwa na nakala. Yalikuwamo takriban asilimia 80 ya majalada ya askari wa nchi kavu walioacha jeshi kati ya 1912 na 1960.

Miongoni mwao wamo majeruhi wanaostahili nishani ya Purple Heart. Mzee anapoomba hati yake, huambiwa alete ushahidi: taarifa za hospitali, viapo vya wenzake. Wenzake wamekufa. Kovu analo, lakini kovu halina muhuri.

Watasema kwamba bila masharti matapeli watajivika nishani. Hoja hiyo ina uzito, ila haijibu swali: aliyepoteza jalada ni nani? Askari alitoa mwili wake. Serikali ilikabidhiwa karatasi tu. Aliyepoteza amana ndiye apaswaye kuhangaika, si mwenye amana. Dola iliyojua kumpata kijana huyo ilipohitaji damu yake haiwezi leo kudai kwamba haimjui.