Uchimbaji ufanyike mbele ya wenyeji
Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mambo ya Kale

Mtendeni,
Tabora.

Ndugu Mkurugenzi,

Ninaomba jambo moja: kila kibali cha uchimbaji wa kiakiolojia utakachotoa kwenye njia ya misafara, Bagamoyo hadi Ujiji, kiwe na sharti la kuwakaribisha wenyeji waone kazi ikiendelea.

Ikiendelea, si ikiisha. Tembe la Kwihara, alikokaa Livingstone hadi Agosti 1872 akisubiri wapagazi, likifungwa leo tutaliona mwakani. Shimo la uchimbaji halisubiri. Udongo huondolewa tabaka kwa tabaka, na tabaka likishaondolewa halirudi. Zinabaki picha, michoro na mifuko ya vigae, navyo huondoka na watafiti. Atakayekwenda makumbusho baadaye ataona shanga kwenye kioo; hataona ilikutwa kando ya jiko lipi wala juu ya majivu gani.

Hasara ya kuwaacha wenyeji nje tunaijua. Mwaka 1967 watafiti John Sutton na Andrew Roberts walichimba kwenye chemchemi za Uvinza, wakakuta kwamba watu walichemsha chumvi pale zaidi ya miaka elfu moja kabla ya misafara ya pembe za ndovu. Ripoti ikachapishwa kwa Kiingereza. Muulize mtu wa kawaida huku kwetu historia ya magharibi mwa nchi, ataanza na Waarabu na wazungu. Chumvi ya mababu zake haimo.

Najua hoja ya ulinzi: watu wakizoea kuingia, vitu vitaibwa, na usiku watakuja wenye sururu kutafuta mali inayosemekana Mjerumani aliificha. Uvumi huo hapa una mizizi. Mwaka 1916 Wajerumani walifua sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo, hapa hapa Tabora, kabla Wabelgiji hawajauteka mji Septemba mwaka huo. Kwa hiyo wageni wakizungushia uzio, wakachimba kimya kimya na kuondoka na masanduku, mtaa mzima utajua wamebeba nini, hata kama ni vigae vitupu. Uzio ndio unaolisha uvumi. Aliyesimama ukingoni akaona mtu akipiga brashi kutwa nzima kwa ajili ya kipande cha chungu, hatarudi usiku na sururu.

Gharama ya sharti hili si kubwa. Itengwe siku moja kwa wiki, watu waingie kwa makundi madogo, nyuma ya kamba, wakiongozwa. Vibarua wanaoajiriwa hapa wafundishwe kueleza wanachokifukua, kwa Kiswahili na Kinyamwezi. Shule za karibu zipewe zamu. Kabla shimo halijafukiwa, watafiti waitishe mkutano wa kijiji au mtaa, waonyeshe walichopata, waseme kinapelekwa wapi, na waache muhtasari wa Kiswahili katika ofisi ya kata. Ndiyo, kazi itachelewa kidogo. Mtafiti apange siku hizo kwenye bajeti yake tangu mwanzo.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hairuhusu mtu kuchimba bila kibali chako. Tunaomba sharti hili liandikwe kwenye kibali kijacho, na nakala yake ibandikwe kwenye ofisi ya kata husika kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Mtendeni