Mtungi Usipondwe Mapema: Barua ya Wazi kutoka Fedha

Kwa Idara ya Mazingira,
Kaunti ya Jiji la Nairobi.

Maji yanapokatika mtaani Fedha, kinachotafutwa kwanza ni mtungi wa manjano wa lita 20. Uliingia mjini umejaa mafuta ya kupikia. Mafuta yakaisha, ukasuguliwa kwa sabuni na maji moto, ukaanza kazi ya pili inayoweza kudumu miaka. Mtungi huohuo ukifikishwa kwenye mizani ya wanunuzi wa plastiki, hulipwa kwa kilo. Kifuniko chake, mkono wake, ujazo ambao kila mchuuzi wa maji anaujua bila kupima, hayo yote hayana bei pale.

Hapo ndipo penye hoja. Urejelezaji hununua uzito, ilhali kilichogharimu moto na kazi ni umbo. Chupa ya soda ya kioo ikirudishwa dukani huoshwa na kujazwa tena. Ikivunjwa ili iyeyushwe, tanuri hulazimika kufika karibu nyuzi 1,500 za Selsiasi, kisha itoke nini? Chupa.

Nairobi haihitaji kufundishwa haya. Gorogoro, kopo la kilo 2 la mafuta ya kupikia, liligeuka kipimo cha mahindi na maharagwe kinachojulikana kote nchini. Katika karakana za Kamukunji, mapipa makuukuu hugongwa yakawa majiko. Tairi lililochakaa huwa akala, na akala hushinda viatu vingi vya dukani (mwandishi wa barua hii ana jozi mbili).

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka zinazooza zitengwe na zisizooza. Ni vyema. Lakini ndani ya gunia la zisizooza, mtungi mzima na kipande cha plastiki huhesabiwa sawa, na chupa ya jamu huwa imevunjika kabla lori halijatoka mtaani. Safari inaelekea Dandora, jaa lililotangazwa kuwa limejaa tangu 2001.

Wakazi wanaomba jambo dogo: kila mahali pa kukusanyia taka mtaani pawe na kibanda chenye rafu, vitu vizima vikae humo siku kadhaa kabla ya kupakiwa. Wateja wapo. Wauzaji wa sabuni ya maji hutafuta madumu ya lita 5, na wauza asali hutafuta chupa zenye vifuniko. Wazoa taka waruhusiwe kuviuza na kubaki na pesa, la sivyo hakuna atakayejisumbua kuvipanga.

Si kila kitu kiingie rafuni. Chombo kilichobeba dawa ya wadudu hakifai hata kikioshwa mara kumi, na afisa wa afya ya umma akiondoe. Ndoo ya rangi inafaa kufulia nguo, isitiwe maji ya kunywa. Hilo liandikwe ukutani mwa kibanda, kwa herufi kubwa.

Mkazi wa Fedha, Embakasi