Chumvi si Gharama Unayoidhani

Mwandishi anayetaka elektrodi za kuzalisha hidrojeni zitumbukizwe baharini moja kwa moja, eti kuondoa chumvi ni ghali, hakupiga hesabu. Kilo moja ya hidrojeni hula takriban kilowati-saa 50 za umeme na lita 9 za maji. Kuondoa chumvi kwenye lita 1,000 huchukua kilowati-saa 3 au 4; kwa lita 9 haifiki hata 0.04! Na chumvi ukiiacha? Anodi hutoa klorini na kuliwa. Katodi hugandiwa na utando mweupe wa hidroksidi ya magnesiamu. Ndiyo, mwaka 2019 watafiti wa Stanford waliikinga anodi ya nikeli kwa tabaka la salfaidi, ikadumu zaidi ya saa 1,000, tena kwenye maji yaliyotiwa alkali. Kazi nzuri. Lakini saa 1,000 ni kama siku 42. Mtambo hutakiwa kudumu miaka. Safisheni maji kwanza.