SIMU YA BEI NAFUU SI AIBU

Kila msimu wa malipo ya tumbaku unapowadia mkoani Tabora, huzuka baina ya baadhi ya vijana wetu mashindano yasiyo na tija: nani ameshika simu ya fahari kuliko mwenzake. Jambo hili laonekana dogo. Lakini maadam linagusa jasho la mkulima, halistahili kunyamaziwa.

Tuanze na hesabu. Septemba 2023 iPhone 15 Pro ilipotolewa, bei yake ya kuanzia huko Marekani ilikuwa dola 999, yaani karibu Sh. 2,500,000 kwa thamani ya fedha ya wakati ule, kabla ya ushuru, usafirishaji na faida ya muuzaji. Mwaka huo huo kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa shamba kilikuwa Sh. 140,000 kwa mwezi. Kibarua huyo angalilazimika kufanya kazi karibu miezi 18, bila kula wala kuvaa, ili aipate simu moja tu.

Je, haja yake ni ipi? Mrina asali wa Sikonge anataka kuulizia bei, kupokea fedha na kuijulia hali jamaa yake. Hayo yote kitochi chayatosha. Akihitaji picha na intaneti, zipo Tecno, itel na Infinix, zote za kampuni ya Transsion ya China, iliyoanzishwa mwaka 2006. Kampuni hiyo haikupata soko la Afrika kwa bahati. Iliwapa watu laini mbili, betri inayodumu, na kamera inayozipiga vyema sura za watu weusi.

Unyamwezi haukuanza jana kuchagua bidhaa. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora kwenda Ujiji ilibidi ichukue shanga zile zile wenyeji walizozitaka. Mzigo usiopendwa uliweza kukosa mnunuzi, hata ungekuwa wa thamani namna gani. Na merikani ilipoadimika kwa sababu ya vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865, nguo za Bombay zilishika nafasi yake. Biashara haikufa.

Yupo atakayetujibu kwamba rahisi ni ghali. Ana haki, iwapo kitu hicho ni bandia. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilizifungia simu bandia nchini, na waliokuwa nazo wakapata hasara. Lakini unafuu na ubandia ni mambo mawili mbalimbali. Aghalabu anayeuziwa bandia ni yule yule anayetafuta jina kubwa kwa bei ndogo.

Kwa hiyo mnunuzi na abonyeze *#06# aone namba ya utambulisho wa simu na kuilinganisha na ile ya kwenye boksi. Adai risiti na dhamana. Aulize nafasi ya kumbukumbu, na programu zake zitaendelea kuboreshwa kwa muda gani, kwa kuwa hapo ndipo simu nyingi za bei ya chini zinapopungukiwa. Wafanyabiashara nao hawana budi kueleza ukweli huo kabla ya kupokea fedha.

Simu ni chombo cha kazi kama jembe. Hakuna mkulima anayekopa ili jembe lake lisifiwe njiani. Fedha inayosalia iende kwenye mbolea, karo na bati la nyumba.