Mwaka wa kwanza wa sheria, ofisi ya wakili na nauli ya Likoni

Kama uko mwaka wa kwanza wa sheria na likizo ndefu imekukuta nyumbani, iwe Ukunda, Msambweni au kule Lunga Lunga, najua unachofanya usiku huu. Umeazima laptopu ya kakako, umefungua barua ile ile ya kuomba atachimenti, unabadilisha jina la ofisi pale juu, unatuma. Hiyo ni ya kumi na tano. Hakuna aliyejibu. Na mwenzako mliyekaa naye darasa moja, yule ambaye babake anajuana na wakili Nairobi, ameshaposti picha akiwa ndani ya suti.

Kabla hujaamini kwamba wewe ndo mbovu, hebu tuliangalie hili jambo. Manake kuna mengi yanayoendelea hapa ambayo hayahusiani na alama zako wala wasifukazi wako.

Mimi si wakili, nisikudanganye. Nilianza diploma ya sheria nikaiacha njiani, na sababu moja ni hii hii ninayokuandikia. Ofisi moja ya mawakili Mombasa, jina nitalibana, ilinikubali kwa miezi mitatu. Nilifurahi sana. Mama alinipigia pasi shati jeupe. Kisha hesabu ikaanza: matatu ya Ukunda hadi Likoni, kivuko, matatu nyingine ng'ambo hadi mjini, chakula cha mchana cha bei ya chini kabisa, na jioni safari ile ile kinyume. Shilingi 400 kila siku. Siku 22 za kazi kwa mwezi ni 8,800. Miezi mitatu ni 26,400. Ofisi haikunipa hata senti, bahati nzuri tu kwamba feri ni bure kwa anayetembea kwa miguu. Mama anauza viazi karai na bajia. Piga hesabu mwenyewe ni bajia ngapi hizo za kumpeleka mtoto akatengeneze chai ya mawakili.

Mwezi wa pili sikurudi. Muhula uliofuata karo haikutosha. Siwalaumu wao peke yao, nami nilikuwa na mambo yangu, lakini zile 400 za kila siku zilifanya kazi yake.

Sasa rudi nyuma kidogo hadi 2024, mwaka ambao neno "mwanagenzi" lilikuwa kwenye kila taarifa ya habari. Katikati ya Machi madaktari waligoma, na mgomo ukaenda siku 56 hadi Mei. Donda lenyewe lilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi: makubaliano ya 2017 yaliwapa takriban shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikasema ina 70,000 tu. Mgomo ukiwa bado unaendelea, tarehe 17 Aprili, Mahakama ya Leba Nairobi ikaamua kesi ya walimu wanagenzi wa sekondari msingi, wale waliokuwa wakilipwa shilingi 20,000. Jaji Byram Ongaya alisema tume ya walimu ilikiuka haki yao ya kutendewa haki kazini. Haki hiyo iko Kifungu cha 41 cha Katiba, na kama uko mwaka wa kwanza umeshakikariri.

Nitakuwa mkweli: wewe si mwalimu yule. Yule alikuwa amemaliza chuo, amesajiliwa, anashika darasa zima peke yake. Wewe bado unasoma mikataba, makosa ya jinai na sheria ya katiba. Sheria ya ardhi hujaifikia, utaratibu wa kesi za madai hujaufikia, na ukipewa uandike hati ya madai leo utalia. Kwa hiyo sisemi ulipwe kama karani mwenye miaka kumi kazini. Nasema kuna umbali mrefu kati ya mshahara na kutolipwa hata nauli, na taaluma inayojua Kifungu cha 41 kuliko taaluma nyingine yoyote Kenya imekaa kimya katikati ya umbali huo. Wakili yule yule anaweza kusimama asubuhi kumtetea mfanyakazi aliyepunjwa, na jioni akamuaga mwanafunzi aliyemchapia makaratasi siku nzima akimwambia "tuonane kesho".

Utaniuliza, je, sheria haisemi kitu? Inasema, lakini si vile unavyotaka. Sheria ya Ajira ya 2007 inapoeleza mfanyakazi ni nani, inamtaja pia mwanagenzi. Tatizo ni kwamba mwanagenzi wa sheria hiyo ni mtu mwenye mkataba. Wewe umeingia kwa barua ya chuo na "karibu sana". Huna mkataba, huna pa kushika.

Wenzetu Marekani wako dunia nyingine kabisa. Kule mwanafunzi wa sheria huwa tayari ana digrii ya kwanza, na kazi ya likizo kwenye kampuni kubwa za New York hulipwa kwa kiwango cha wakili mpya, yaani zaidi ya dola 4,000 kwa wiki. Mbio zenyewe ni kali hadi zamani kulikuwa na mwongozo kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asitume maombi kabla ya tarehe 1 Disemba. Mwongozo huo uliondolewa 2018, sasa kila mtu anakimbia mapema anavyotaka. Usiwaonee wivu sana, mikopo yao ya chuo inaua. Nimeutaja mfano huu kwa sababu mmoja: ushauri mwingi unaousoma mtandaoni kuhusu "kazi ya likizo ya mwanafunzi wa sheria" uliandikwa kwa ajili ya watu hao. Ukiufuata ukiwa Msambweni unapoteza bando tu.

Hapa kwetu njia ni ndefu: miaka minne ya digrii, kisha kama mwaka na nusu wa Kenya School of Law kule Karen, ndani yake miezi sita ukiwa chini ya wakili, na mitihani tisa ya Baraza la Elimu ya Sheria. Atachimenti inayohesabiwa kwenye kozi kwa kawaida huja miaka ya mbele. Ya mwaka wa kwanza hakuna anayekulazimisha. Na kwa kuwa si lazima, wanaoifanya ni wale wanaoweza kuigharamia. Huyo wa suti akifika mwaka wa tatu ameshakaa ofisini likizo mbili, anajua faili inavyopangwa, na wakili anamjua kwa jina. Wewe ndo kwanza unaomba. Kwenye karatasi mtaonekana yeye ana "uzoefu" nawe huna, na hakuna atakayeandika kwamba uzoefu huo ulinunuliwa.

Basi ufanye nini? Mimi ningekuwa wewe, ningeacha kutuma barua Nairobi. Kodi ya chumba miezi mitatu peke yake ni karo. Hata Mombasa ningeifikiria mara mbili.

Angalia tulichonacho huku. Kwale kuna mahakama, Msambweni kuna mahakama, kadhi yupo, na Kwale kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Na ardhi ndo habari yenyewe ya pwani ya kusini. Mwaka 1908 wakoloni walipitisha sheria ya hati za ardhi: mwenye kudai kipande ukanda wa pwani alete madai yake yasajiliwe, na kisichodaiwa kikahesabiwa mali ya serikali. Wadigo wengi walikuwa wakilima kwa desturi ya ukoo na kaya. Hawakuwa na karatasi, na wengi hata hawakupata habari. Zaidi ya karne moja baadaye bado tunaishi ndani ya sheria ile: mzee amezikwa na babake shambani, lakini hati ina jina la mtu asiyewahi kulala Kwale. Ongeza viwanja vya ufuo wa Diani, ongeza mashamba ya miwa ya Ramisi, ongeza mgodi wa titani uliofunga uchimbaji Disemba 2024 ukaacha watu wakiuliza ile ardhi inarudi kwa nani. Mwanafunzi wa Nairobi atasoma haya kwenye kitabu mwaka wa pili. Wewe unaweza kuyakuta kwenye benchi la kungojea wakili, yamevaa kanzu na kofia.

Na hapo ndipo una kitu ambacho yule wa suti hana. Korti za chini zinasikiza kesi kwa Kiingereza au Kiswahili, lakini karatasi nyingi za ofisini ni za Kiingereza. Mteja mzee wa Msambweni anawaza kwa Kidigo. Anaapa hati ya kiapo ambayo hakuiandika, kwa lugha asiyoisoma, na mtu anatakiwa amsomee na kumfafanulia kabla hajatia kidole gumba. Ofisi yenye shughuli nyingi kazi hiyo hufanywa mbio mbio na yeyote aliye karibu. Ukiweza kukaa na mzee nusu saa ukamweleza kila aya, bila dharau na bila haraka, hiyo ni kazi halisi ya sheria na unaiweza ukiwa mwaka wa kwanza. Iandike juu kabisa ya barua yako. Hizo "nina ari ya kujifunza" zifute, kila mtu ana ari.

Jambo jingine, kazi ya kizamani ya mwanafunzi imepungua. Zamani ulikuwa miguu ya ofisi: peleka faili masjala, panga foleni, gongesha muhuri, rudi. Tangu 2024 mahakama imesambaza uwasilishaji wa kesi kwa mtandao nchi nzima. Sasa kuna skani ya kupiga, majina ya faili ya kupanga, tarehe za kufuatilia kwenye mfumo. Mawakili wengine wa umri mkubwa, heshima zao, mfumo huo unawatoa jasho. Wewe uliyekulia kwenye simu una la kuwasaidia, na hilo nalo liandike.

Tahadhari moja ambayo sikuambiwa mimi. Ukunda ni ndogo. Faili utakayoifungua Jumatatu inaweza kuwa ya mjomba wa rafiki yako, talaka au shamba. Sheria ya Ushahidi inayolinda siri kati ya wakili na mteja inawashika pia makarani na watumishi wa wakili. Ukitoa neno barazani kwenye kahawa, umemaliza kazi yako kabla haijaanza, na pengine umemharibia mtu kesi.

Sasa pesa. Hili wengi wanaona haya kulisema, nami nilikuwa mmoja wao. Liseme siku ya kwanza, kabla hujakubali: "Wakili, nashukuru sana. Nitaweza kuja siku tano kama ofisi itanisaidia nauli, la sivyo nitaweza siku mbili." Hujadai mshahara, hujamvunjia mtu heshima, umetaja hali. Najua ofisi za Ukunda zenyewe zinahema: wakili mmoja, karani mmoja, chumba kimoja juu ya duka la simu, na wateja wanaolipa kidogo kidogo au wanaolipa kesi ikiisha, kama itaisha. Mwenye ofisi kama hiyo akisema hana, huenda kweli hana. Chukua siku mbili, usijiue. Lakini zile ofisi kubwa za mjini zenye mapokezi ya vioo hazina kisingizio hicho. Shilingi 400 kwa siku ni chini ya bei ya chakula cha mchana wanachoagiza.

Kuna binti mmoja wa Milalani, jirani ya khalati yangu, aliyeingia mwaka jana kwenye ofisi ya Ukunda akiwa na barua mkononi. Hakutuma kwa barua pepe, alikwenda mwenyewe. Aliomba 200 kwa siku ya nauli. Wakili alicheka, akampa 150. Wiki ya pili alikuja mzee na kesi ya mpaka wa shamba, hati ya kiapo ikiwa imeshachapwa, inangoja sahihi tu. Binti akaambiwa amsomee. Akaisoma aya kwa aya kwa Kidigo. Kufika aya ya sita mzee akamkatiza: mpaka wake ni mbuyu, nyinyi mmeniandikia mwembe. Mwembe uko upande wa pili kabisa, ndani ya shamba la yule anayemshtaki. Karatasi ikachanwa, ikaandikwa upya.

Tangu wiki ile nauli ikawa 200, na hakuomba tena.