Maandishi Mgongoni mwa Saa: Nani wa Kuyafuta?

Juzi nilimpelekea fundi saa mmoja hapa Mji wa Kale, Mombasa, saa ya marehemu baba, ambayo ilikuwa ikisimama kila ifikapo adhuhuri utadhani nayo yaenda kuswali. Aliigeuza, akayatazama maandishi yaliyochongwa mgongoni, jina la baba na mwaka 1984 aliostaafu kazi ya bandarini, kisha akaniuliza kwa adabu: "Mzee wangu, nikufutie haya? Siku ukitaka kuiuza itapata bei." Nikamwambia ayaache. Hata hivyo, kijana hakukosea. Ndivyo biashara ilivyo.

Saa za fahari zilizokwisha kuvaliwa, za Rolex, Omega na Patek Philippe, zina soko kubwa duniani. Mnunuzi hupenda aione kana kwamba haikupata kuvaliwa, na jina la mtu asiyemjua humkera. Basi muuzaji huipeleka kwa fundi. Maandishi yakiwa ya juujuu, mfuniko husagwa na kung'arishwa. Yakiwa yamezama, mifereji ya herufi hujazwa madini ya aina ile ile kwa mwali wa leza, kisha pakasawazishwa. Au mfuniko wote hubadilishwa. Lakini madini yaliyosagwa hayarudi, na mfuniko uliosagwa mno hupungua unene, na saa iliyokuwa ikistahimili maji huenda isistahimili tena.

Ajabu ni kwamba soko hilo hilo huyalipia maandishi. Mwezi wa Oktoba 2017, mjini New York, Rolex ya mwigizaji Paul Newman iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 17. Mgongoni mkewe, Joanne Woodward, alikuwa amemwandikia maneno ya kumwusia aendeshe gari kwa uangalifu. Nani angethubutu kuyatia msasa? Kumbe jina la nyota ni johari, na la mtu wa bandarini ni uchafu!

Mambo ya bei tuyaache. Kuna jambo zito zaidi. Mwaka 1980 Yoko Ono alimpa mumewe, John Lennon, saa ya Patek Philippe ya dhahabu kwa kutimiza miaka 40. Mgongoni aliandikisha jina la wimbo wa mumewe, salamu za mapenzi, tarehe na mji. Desemba ya mwaka ule ule Lennon akauawa. Miaka mingi baadaye saa ikatoka nyumbani kwa mjane kwa mkono wa aliyekuwa dereva wake, ikapita Ujerumani, ikafika kwa mnunuzi aliyeipeleka Geneva ikadiriwe thamani. Hapo ndipo habari zilipomfikia Yoko. Mnamo 2024 Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Uswisi ikaamua kwamba mwenye saa ni yeye. Je, kama mgongo wake ungalisagwa njiani?

Chuoni tulisomeshwa kwamba aliyeokota mali aitangaze, na anayekuja kuidai aulizwe alama zake. Alama zikishasagwa, mwenyewe ataulizwa nini?

Sisemi kwamba kufuta ni haramu. Mtu aliyeandikiwa mapenzi na mke waliyekwisha achana, nani atamlazimisha kuyavaa mkononi kila siku? Saa ni yake, na afute. Ninalolipinga ni kufuta kwa siri. Muuzaji na amwambie mnunuzi kwamba palikuwa na maandishi, yakisema nini, na nani aliyeyaondoa. Na fundi, kabla ya kushika msasa, amwulize mteja saa aliipataje, kisha apige picha mgongo ule na kuuandika daftarini. Kazi hiyo haitamchukua hata dakika tano.

Jumamosi nilikwenda kuichukua saa. Inakwenda vyema. Nilipokuwa nikimlipa, fundi alivuta kopo la maziwa lililojaa mifuniko aliyopata kubadilisha, akaniomba nimsomee mmoja ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu. Lilikuwa jina la mwanamke, na chini yake neno moja: Rudi. Nilimwuliza saa yake iko wapi. Akasema aliiuza zamani.